ADA ISIYO NA KAZI NI KODI ILIYOJIFICHA

Bwana Mhariri na ndugu wanachama,

Naomba nafasi katika kurasa hizi nijibu neno moja linalosemwa mara kwa mara katika afisi zetu, hata sasa limekuwa kama kanuni. Husemwa ya kuwa halmashauri ikiisha kutunga sheria ndogo, na sheria ile ikiisha kupata idhini ya Waziri na kutangazwa katika Gazeti la Serikali, basi ada yo yote iliyotajwa humo ni halali, na karani hana la kuuliza. Kazi yake ni kukata stakabadhi. Neno hili lapendeza masikioni kwa sababu latuondolea mzigo wa kufikiri. Mimi nalipinga. Nasema ya kuwa ada isiyomrudishia huduma yule aliyeilipa ni kodi iliyovaa nguo ya ada, hata ingepigwa mihuri saba. Tena nasema ya kuwa yaipasa sheria ya nchi kuliweka jambo hili wazi, maana isipoliweka wazi, lawama yote itatuangukia sisi tunaokaa dirishani na kupokea fedha.

Kwanza tupatane juu ya maneno. Kodi ni fedha anayotoa raia kwa ajili ya mambo ya wote: shule, barabara, askari, hospitali. Mlipa kodi hapewi kitu maalumu mkononi siku ile alipayo, wala hawezi kudai kipimo chake. Kwa sababu hiyo kodi ni jambo zito, na watu wa nchi nyingi wamekataa itozwe kwa amri ya afisi tu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 138, yakataza kutoza kodi ya aina yo yote isipokuwa kwa sheria ya Bunge, au kwa utaratibu uliopewa nguvu na sheria ya Bunge.

Ada ni jambo jingine. Ada ni bei. Mwenye ng'ombe aleta mnyama machinjioni, mkaguzi aitazama nyama, mwenye ng'ombe alipa kwa kazi ile iliyofanywa. Mwenye kujenga aleta ramani yake, fundi wa halmashauri aikagua na kuuona uwanja, mwenye kujenga alipa. Asiyechinja halipi, na asiyejenga halipi. Bei hiyo ni ya haki ikiwa yalingana na gharama ya kazi. Ikizidi gharama, ile ziada si bei ya kitu cho chote, maana hakuna kilichonunuliwa kwayo.

Sasa tufanye hesabu kidogo, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yetu. Tuseme soko moja lina wauzaji 200, na kila mmoja hutoa Sh. 500 kwa siku. Kwa siku moja zapatikana Sh. 100,000, kwa siku 300 za mwaka, Sh. 30,000,000. Haya, tufungue upande wa pili wa daftari. Kufagia, kuzoa taka, maji, choo, taa na mlinzi, tuseme vyote pamoja vyagharimu Sh. 12,000,000. Zabaki Sh. 18,000,000. Fedha hizi ni nini? Hazikununua ufagio wala hazikuziba bati la soko. Zimetoka kwa mama auzaye mchicha na kijana auzaye mitumba, zikaenda kulipa posho za vikao na mafuta ya magari. Pengine matumizi hayo ni ya lazima. Lakini kama ni ya lazima kwa wilaya nzima, basi na yalipwe na wilaya nzima kwa kodi iliyo wazi, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Yasilipwe na fungu la mchicha peke yake. Na ikiwa soko lile halifagiwi kabisa, na wauzaji wanakaa topeni masika yote, basi hata hizo Sh. 500 ni nyingi mno.

Tazameni pia jinsi majina yanavyotumika kuwapumbaza watu. Tunao ushuru uitwao ushuru wa huduma. Kwa miaka mingi sheria iliuwekea ukomo wa asilimia 0.3 ya mauzo ya biashara baada ya kutoa kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa. Je, huduma gani hiyo inayopimwa kwa mauzo? Mwenye duka aliyepata hasara hulipa, kwa kuwa mauzo si faida. Taka zake zikizolewa hulipa, zisipozolewa hulipa. Hii ni kodi, wala si aibu kuwa kodi. Aibu ni kuiita huduma. Ushuru wa mazao, kwa upande wake, una unyofu zaidi, maana hakuna aliyewahi kudai kwamba ni bei ya kazi fulani. Mwaka 2017 Bunge liliupunguza kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, tena likaamua ya kuwa mtu asafirishaye mazao yasiyofika tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Sheria njema. Lakini nawauliza wanachama waliopata kukaa vizuizini: ni vizuizi vingapi vilivyobandika habari ile mahali ambapo mkulima mwenye magunia matatu angeweza kuisoma?

Najua majibu nitakayopewa. Nitayachukua moja moja.

Jibu la kwanza: halmashauri yahitaji fedha, na isipotoza ada itaishije? Swali hili ni la haki, wala silidharau. Lakini tuangalie ni nani aliyeifikisha halmashauri hapo. Mwaka 1969 serikali iliondoa kodi ya kichwa na ushuru wa mazao, ambazo ndizo zilizokuwa nguzo za halmashauri za wilaya. Mwaka 1972 halmashauri zenyewe zikavunjwa. Ziliporudishwa kwa sheria za mwaka 1982, ikatungwa pia Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Na. 9 ya mwaka huo, nayo kodi ya maendeleo ikawa chanzo kikubwa. Kodi ile ilichukiwa, na kwa haki, kwa kuwa maskini na tajiri walitozwa karibu sawa, na wanaume walikimbilia porini waliposikia mgambo wanakuja. Mwaka 2003 ikafutwa pamoja na ushuru mwingi mdogo mdogo, na serikali kuu ikaahidi ruzuku ya fidia. Mwaka 2016 kodi ya majengo ikatolewa mikononi mwa halmashauri na kupewa Mamlaka ya Mapato. Na tangu mwaka 2021 ikawa yakatwa pamoja na umeme wa LUKU, Sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida wakati ilipoanza. Mwishoni mwa mwaka 2018 vikatolewa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa Sh. 20,000, na mwenye kitambulisho asitozwe tena. Walakini soko lilibaki lile lile, lahitaji kufagiwa na halmashauri ile ile.

Sisemi ya kuwa kila moja ya hatua hizo ilikuwa mbaya. Kodi ya maendeleo ilistahili kufa. Nasema ya kuwa kila mara Bunge lilipokata tawi kubwa, halikutazama ndege waliokaa juu yake watatua wapi. Wametua sokoni na stendi, na wakati mwingine juu ya kikapu cha kuku. Mkurugenzi aliyenyimwa kodi ya nyumba ya ghorofa atatafuta fedha kwa mwenye meza ya karanga, kwa sababu mwenye meza ya karanga hana wakili.

Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Katika jimbo la California, nchini Marekani, watu walipiga kura mwezi wa Juni 1978 kuiwekea kodi ya majengo ukomo wa asilimia 1 ya thamani. Miji na wilaya za jimbo lile, zikiisha kupungukiwa na kodi, zikageukia ada: ada za vibali, ada za ujenzi, ada za kila namna. Watu wakaona ya kuwa kile walichokifukuza mlangoni kimerudi kwa dirishani. Ndipo wakapiga kura tena mwaka 1996, na mara nyingine mwaka 2010, wakaandika katika katiba ya jimbo lao ya kuwa malipo yanayozidi gharama ya lazima ya huduma ni kodi, yahitaji kibali cha wapiga kura. Na ya kuwa halmashauri ndiyo yenye wajibu wa kuthibitisha kwamba malipo yake si kodi. Angalieni sana neno hilo la mwisho. Mzigo wa kuthibitisha haukuwekwa juu ya mwenye kulipa, bali juu ya mwenye kutoza. Hapa kwetu mwenye kulipa ndiye atakiwaye kuthibitisha, naye hana daftari wala nauli ya kwenda mahakamani.

Jibu la pili: sheria ndogo imepita njia yake yote. Imejadiliwa na Baraza la Madiwani, watu wametangaziwa watoe maoni, imepita kwa Mkuu wa Mkoa, Waziri ameidhinisha. Ni kweli, njia hiyo ni njema, nami sitaki iachwe. Lakini njia njema haimfanyi kila apitaye juu yake kuwa mtu mwema. Tangazo likibandikwa katika ubao wa afisi kwa lugha ya kisheria, nao wauzaji hawafiki afisini ila wakiitwa kwa kosa, je, watu wametangaziwa kweli? Jirani zetu wa Kenya walilipeleka swali hili mahakamani. Kaunti ya Kiambu ilitunga sheria ya fedha ya mwaka 2013 yenye ada na tozo nyingi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaibatilisha, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa kama Katiba ya mwaka 2010 ilivyotaka. Sheria ile ilikuwa imepitishwa na bunge la kaunti, nayo haikusalimika kwa sababu hiyo.

Na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza shauri la mtu wa wilaya ya El Dorado, California, aliyetakiwa alipe dola 23,420 kwa ajili ya barabara kabla ya kupewa kibali cha kujenga nyumba yake. Wilaya ilijitetea ya kuwa ada ile imewekwa kwa sheria ya jumla, haikubuniwa na afisa mmoja, na kwa hiyo haipaswi kupimwa kama inalingana na madhara ya nyumba ile. Majaji wote kwa kauli moja walikataa utetezi huo, wakalirudisha shauri chini lisikilizwe tena. Hawakuamua ya kuwa kiasi kile kilizidi. Waliamua ya kuwa kutungwa kwa sheria hakuiondoi ada katika kupimwa. Hilo ndilo nisemalo mimi.

Wale wanaodhani kwamba watu wa vijijini hawajui tofauti hizi, nawakumbusha habari za Upare. Katika miaka ya 1940 utawala wa wenyeji kule ulianzisha kodi ya ngazi iliyoitwa mbiru, iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu, juu ya kodi ya kichwa iliyokuwapo. Watu hawakuelewa makadirio yale yalifanywaje, wala hawakuulizwa. Mwaka 1945 maelfu walitelemka kutoka milimani wakakusanyika Same mbele ya boma, wakakaa huko. Wanawake nao wakaingia katika shauri hilo. Haikupita miaka mingi, serikali ikaiacha mbiru. Watu wale hawakuwa wakikataa kulipa serikalini. Walikuwa wamezoea kulipa. Walikataa kulipa kiasi ambacho hakuna aliyeweza kuwaeleza kimetoka wapi. Nina hakika hesabu zile ziliandikwa na makarani, na ya kuwa baadhi yao walisema, "Sisi tumeambiwa tuandike tu."

Hapo nafika kwenye jibu la tatu, ambalo ndilo liniumizalo zaidi, kwa kuwa ni letu sisi: sisi ni watekelezaji tu. Ndugu zangu, hebu tulipime neno hili. Diwani hukutana na daftari mara chache kwa mwaka, kikaoni, baada ya chai. Waziri hulisoma jina la halmashauri katika orodha ya majina mengi. Nani ajuaye kwamba ada ya takataka hukusanywa katika mtaa ambao gari la taka halijafika tangu mwaka jana? Ni karani. Nani ajuaye ya kuwa fedha za maegesho hazijatengeneza hata mita moja ya maegesho? Ni karani. Na makisio ya mwaka ujao, yale yanayoongeza ada kwa sehemu ya kumi bila kueleza sababu, yameandikwa kwa mkono wa nani? Mtu ajuaye peke yake hawezi kujificha nyuma ya wale wasiojua.

Tena tufikiri heshima yetu wenyewe. Watu hawamjui Mbunge aliyepitisha sheria. Wamjua yule kijana aliyesimama kizuizini na mashine ya kutolea stakabadhi, na yule mgambo aliyepindua beseni la ndizi. Wazee wetu waliona fahari mtoto wao akiitwa karani, kwa sababu karani alikuwa mtu asomaye barua za watu na kuwaandikia haki zao. Leo, katika masoko mengi, karani akipita wauzaji hufunika bidhaa zao. Mshahara ukiongezwa hautairudisha heshima hiyo. Itarudi siku ile muuzaji akiuliza, "Hii ni ya nini?" nasi tuweze kumwonyesha kwa kidole: ni ya choo kile, ni ya taa ile, ni ya mlinzi yule.

Basi twataka nini? Nayaweka mambo matatu mbele ya chama, yachukuliwe na viongozi wetu yakafikishwe panapohusika, ili Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa irekebishwe.

La kwanza, kila ada itakayoandikwa katika sheria ndogo iambatane na jedwali la gharama ya huduma yake, na jedwali hilo libandikwe kwa Kiswahili chepesi pale pale ada itozwapo, sokoni, stendi na machinjioni. Huduma isipotolewa, ada isitozwe.

La pili, mwisho wa mwaka hesabu ya kila huduma isomwe peke yake. Ikiwa makusanyo yamezidi gharama, ada ya mwaka ujao ipunguzwe, au ziada irudi katika huduma ile ile. Na malipo yo yote yasiyopimwa kwa huduma yaitwe kodi, yajadiliwe kama kodi, na yawekewe ukomo na Bunge lenyewe.

La tatu, Bunge lisiondoe chanzo cho chote cha halmashauri bila kuweka badala yake katika sheria ile ile. Fidia iliyoahidiwa kwa hotuba haifagii soko. Hili la tatu nalitia mkazo, kwa maana mambo mawili ya kwanza bila hili yataziua halmashauri. Na hili bila yale mawili litawanenepesha watu wa vikao.

Haya ni ya Bunge. Yako pia yaliyo ndani ya uwezo wetu tangu kesho asubuhi, yasiyongoja sheria mpya. Tufungue ukurasa wa pekee kwa kila huduma, mapato upande huu na matumizi upande ule, hata kama hatujaagizwa. Tusipokee senti bila stakabadhi, wala tusiziache fedha zilizokusanywa zilale nje ya benki, jambo ambalo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu amelilalamikia katika ripoti zake mara nyingi. Na tunapoagizwa kuandaa makisio ya kupandisha ada, tuandike chini ya makisio hayo, kwa adabu na kwa tarakimu, gharama ya huduma ni kiasi gani. Hakuna kanuni ya utumishi inayomkataza karani kuandika hesabu iliyo kweli. Mkubwa akitaka kuifuta, aifute kwa mkono wake na atie sahihi yake.

Wako watakaosema ya kuwa nawachochea wananchi wasilipe. La hasha. Mtu anayejua analipia nini hulipa upesi kuliko anayefukuzwa. Nataka halmashauri zetu ziwe na fedha, tena nyingi kuliko sasa, zitokane na kodi za haki zilizopimwa kwa uwezo wa watu, na ada za haki zilizopimwa kwa kazi iliyofanyika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari liko mikononi mwetu, na muuzaji wa mchicha amekwisha kulipa. Tumwambie fedha zake zimekwenda wapi.

Wenu katika kazi,

KARANI WA MAPATO